Baada ya kisu: historia ya kupona kwa mama aliyepasuliwa tumbo

KASUMBALESA – Mpakani hapa mzigo ndio kazi. Unga wa mahindi unaotoka Zambia huja katika mifuko ya kilo 25. Bidoni ya maji ikijaa ina lita 20, ambazo ni kilo 20 juu ya kichwa. Mama anayetoka hospitalini baada ya kupasuliwa tumbo huambiwa na waganga neno ambalo ni gumu kulitii katika mji wa namna hii: asibebe kitu kizito kwa majuma sita.

Akirudi nyumbani anasikia maneno mengine. Shangazi anasema alale tu, asiguse sakafu mpaka kidonda kikauke. Jirani anasema ajikaze, maana watoto hawajala. Muganga naye alimwambia atembee tangu siku ya kwanza, lakini asinyanyue bidoni. Maneno haya matatu yanapingana, na mama anabaki kati. Yote matatu yana historia yake. Kuna wakati waganga wakubwa wa Ulaya na Marekani waliamini kama shangazi. Kuna wanawake waliofanya kama jirani anavyotaka, na wengine walilipa kwa afya yao. Neno la muganga lilichukua zaidi ya miaka mia moja kufika mahali lilipo leo.

Historia hii inawahusu zaidi wanawake wenye ugonjwa uitwao endometriosisi, ambao wengi wao hupasuliwa baada ya kuumwa miaka mingi bila kuelezwa wanaumwa nini.

UGONJWA WENYEWE

Ndani ya tumbo la uzazi kuna utando laini ambao kila mwezi hunenepa, kisha hutoka kama damu ya hedhi. Kwa mwanamke mwenye endometriosisi, nyama inayofanana na utando huo huota nje ya tumbo la uzazi: juu ya vifuko vya mayai, kwenye mirija, nyuma karibu na utumbo mpana, kwenye kibofu, na mara chache hata kifuani. Mwezi ukifika, nyama hiyo nayo huvimba na kutoa damu, lakini damu hiyo haina njia ya kutoka. Mahali pale panawaka, panaumwa, na baada ya muda panafanya makovu yanayogandisha viungo vya tumbo kimoja kwa kingine.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unawapata wanawake na wasichana wapatao milioni 190 duniani, karibu mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa. Dalili zake ni maumivu makali ya hedhi yanayomlaza mtu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, maumivu ya kwenda choo siku za mwezi, uchovu, na kwa baadhi ugumu wa kupata mimba. Hakuna dawa inayoumaliza kabisa. Kuna vidonge na dawa nyingine za homoni zinazoutuliza, na kuna operesheni ya kuondoa nyama hiyo na makovu yake.

SAFARI YA KILOMITA MIA MOJA, 1809

Habari ya mama aliyepasuliwa tumbo kwa makusudi na kupona, iliyoandikwa na kujulikana sana katika vitabu vya waganga, inatoka Marekani. Mwezi wa Desemba 1809, katika kijiji cha Danville, jimbo la Kentucky, daktari Ephraim McDowell alimpasua mama aitwaye Jane Todd Crawford. Watu walidhani ana mimba iliyopita muda wake. Daktari aliona ni uvimbe mkubwa wa kifuko cha mayai. Ili kufika kwa daktari, mama huyo alipanda farasi katika baridi kali kwa maili 60, karibu kilomita 100. Ni mwendo unaokaribiana na barabara ya kutoka Kasumbalesa mpaka Lubumbashi, na aliufanya akiwa na uvimbe wa zaidi ya kilo kumi tumboni.

Wakati ule dawa ya usingizi ilikuwa haijajulikana. Ilionyeshwa mbele ya watu huko Boston mwaka 1846, miaka 37 baadaye. Mama Crawford alilala juu ya meza akisema zaburi wakati daktari anakata. Siku ya tano daktari alipokuja kumtazama, alimkuta amesimama anatandika kitanda chake mwenyewe. Daktari alimkanya. Siku ya ishirini na tano alirudi nyumbani kwake, na akaishi miaka mingi baada ya hapo.

Daktari aliona kusimama kwake kuwa uzembe. Waganga waliokuja baada yake waliona vilevile, na kwa karibu miaka mia na thelathini iliyofuata wagonjwa waliamriwa walale.

WANAWAKE WA ALABAMA

Kati ya mwaka 1845 na 1849, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, daktari J. Marion Sims aliwapasua mara nyingi wanawake watumwa waliokuwa na fistula, yaani tundu linalobaki baada ya uzazi mgumu na kumfanya mama avuje mkojo bila kuzuia. Watatu wanajulikana kwa majina: Anarcha, Lucy na Betsey. Hawakupewa dawa ya usingizi. Anarcha alipasuliwa mara zipatazo thelathini kabla ya tundu kuziba. Baada ya kila operesheni walilazwa bila kutikisika kwa siku nyingi na kupewa afyuni.

Wao hawakuulizwa kama wanakubali. Sims alipata sifa duniani na kusimamishiwa sanamu katika jiji la New York. Mwezi wa Aprili 2018 sanamu hiyo iliondolewa, baada ya watu kudai kwamba elimu hiyo ililipiwa na wanawake ambao hawakuwa na nafasi ya kukataa. Wazo lililokaa nyuma ya kazi ile, kwamba mwanamke mweusi anavumilia maumivu kuliko wengine, halikuondoka pamoja na sanamu. Litaonekana tena katika historia ya endometriosisi.

KAHURA, BUNYORO, 1879

Afrika nayo ilikuwa na mafundi wake wa kisu. Mwaka 1879 Robert Felkin, kijana kutoka Uingereza aliyekuwa akisomea uganga, alishuhudia operesheni mahali paitwapo Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, ndani ya Uganda ya leo. Mama mwenye umri wa miaka kama ishirini, mimba yake ya kwanza, alishindwa kuzaa. Felkin aliandika alichokiona, na maandiko yake yakachapishwa katika jarida la waganga la Edinburgh mwaka 1884.

Mama alipewa pombe ya ndizi mpaka akalegea. Fundi alinawa mikono kwa pombe hiyo, akaosha tumbo la mama nalo, kisha akaosha kwa maji. Alikata upesi. Msaidizi wake aligusa mahali panapotoa damu kwa chuma cha moto. Mtoto alitolewa akiwa hai. Kabla ya kufunga tumbo, walimgeuza mama pembeni ya kitanda ili maji na damu iliyobaki ndani imwagike nje. Kisha kidonda kilifungwa kwa misumari myembamba ya chuma iliyong'arishwa, ikazungushiwa kamba ya gome la mti. Juu yake waliweka dawa iliyotengenezwa kwa mizizi iliyotafunwa, jani la mgomba lililopashwa moto, na kitambaa cha gome.

Felkin hakuondoka. Alitazama jinsi mama yule alivyotunzwa, na sehemu hiyo ndiyo inayogusa historia hii. Siku ya tatu kidonda kilifunguliwa, kikasafishwa, na msumari mmoja ukatolewa. Siku ya tano ilitolewa mingine, na siku ya sita yote iliyobaki. Maziwa ya mama yalichelewa, kwa hiyo mwanamke mwingine, rafiki yake, alimnyonyesha mtoto kwa muda. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimefunga. Mama na mtoto walikuwa wazima.

Ulaya ya wakati huo, operesheni kama hiyo iliwaua wanawake wengi kuliko iliowaponya. Kule Kahura walijua kuosha, walijua kuacha uchafu utoke, na walijua kwamba mama aliyepasuliwa anahitaji mwanamke mwingine wa kumshikia mtoto.

KITANDA KWA MAJUMA MATATU

Mwishoni mwa karne ya 19, dawa ya usingizi na kuua vijidudu vilifanya operesheni za tumbo kuwa za kawaida katika hospitali kubwa. Lakini waganga waliogopa kwamba mshono utafunguka. Mgonjwa alilazwa chali kwa majuma mawili, matatu, wakati mwingine zaidi. Alilishwa kitandani na kujisaidia kitandani.

Wengi walikufa bila kidonda kuwa na shida yoyote. Damu isiyotembea ilifanya mabonge katika miguu, na bonge likipanda mpaka kwenye mapafu mtu hufa kwa dakika chache. Wengine walipata homa ya mapafu kwa sababu ya kulala bila kukohoa wala kupumua kwa nguvu. Mwaka 1899, daktari wa wanawake huko Chicago, Emil Ries, aliandika kwamba aliwaamsha wagonjwa wake mapema, akawapa chakula mapema, na walipona vizuri zaidi. Waganga wengi hawakumfuata. Miaka arobaini ikapita.

Katika miaka ya 1930 na 1940 Daniel Leithauser wa Detroit alirudia wazo lilelile na kuandika kitabu juu yake. Vita kuu ya pili ilimsaidia bila kukusudia: vitanda vya hospitali havikutosha, wauguzi walikuwa wachache, wagonjwa wakaamshwa kwa lazima. Ikaonekana kwamba wanaoamka mapema hawaharibikiwi na mshono, bali wanarudi nyumbani wakiwa na nguvu. Katika miaka ya 1990 daktari Henrik Kehlet wa Denmark alikusanya mambo haya kuwa utaratibu mmoja: kutuliza maumivu vizuri, kula mapema, kutoa mipira ya mkojo mapema, na kutembea mapema. Leo hospitali nyingi duniani zinafuata njia hiyo.

Kwa hiyo shangazi anayesema mama asiguse sakafu hasemi uongo wa kijijini. Anasema jambo ambalo maprofesa walilisema pia, na walilikosea. Mama aliyepasuliwa anapaswa kushuka kitandani siku hiyohiyo au kesho yake, akishikiliwa mkono, na kutembea polepole kila siku.

MAUMIVU YA NANI YANAAMINIWA

Endometriosisi ilitazamwa kwa darubini na Karl von Rokitansky huko Vienna mwaka 1860. Jina lake lilitoka Marekani katika miaka ya 1920, kwa John Sampson wa mji wa Albany, jimbo la New York. Mwaka 1921 Sampson alieleza vifuko vya damu nyeusi kama chokoleti katika ovari za wagonjwa wake. Mwaka 1927 alitoa maelezo ambayo bado yanafundishwa: kwamba sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kupanda mbegu zake tumboni. Maelezo hayo hayatoshi kueleza kila kitu, lakini yalifungua njia.

Baada ya Sampson likaja kosa lililodumu. Katika miaka ya 1930 na 1940 daktari mashuhuri wa Boston, Joe Meigs, alifundisha kwamba ugonjwa huu ni wa wanawake wenye mali wanaochelewa kuolewa na kuzaa. Kutoka hapo likatokea wazo kwamba ni ugonjwa wa wazungu, na kwamba dawa yake ni mimba. Mwanamke mweusi aliyekuja na maumivu yaleyale aliambiwa ana ambukizo la zinaa. Alipewa vidonge vya kuua vijidudu na kurudishwa nyumbani na aibu juu yake.

Mwaka 1976 daktari Donald Chatman wa Chicago alichapisha uchunguzi wake. Aliwatazama ndani ya tumbo, kwa chombo, wagonjwa wake wanawake weusi. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na endometriosisi, na baadhi yao walikuwa wameambiwa kabla kwamba wana ambukizo. Ugonjwa haukuwa haba kwa watu weusi. Haukutafutwa.

Makosa yote mawili bado yanasikika katika nyumba nyingi za Afrika, na katika baadhi ya vyumba vya kupimia. Msichana anayezimia kila mwezi anaambiwa azae, yatakwisha. Mimba inaweza kutuliza dalili kwa muda, kwa sababu hedhi inasimama, lakini haiponyi. Na msichana anayeambiwa azae ili apone anaweza kuingia ndoa mapema na bado akaendelea kuumwa.

KUTOKA MKATO MREFU HADI TUNDU DOGO

Kwa muda mrefu njia ya pekee ya kuondoa endometriosisi ilikuwa kufungua tumbo lote. Njia nyingine ilianza kama ya kutazama tu. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm aliingiza bomba lenye taa ndani ya tumbo la mtu. Wakati wa vita kuu ya pili, Raoul Palmer wa Paris alilitumia kuwachunguza wanawake wasiopata mimba. Mwaka 1980 Kurt Semm, daktari wa wanawake wa Kiel huko Ujerumani, aliondoa kidole-tumbo kwa njia hiyo, na wenzake wengi walimpinga vikali. Kamera ya video ilipoungwa kwenye bomba katika miaka ya 1980, muganga aliweza kusimama wima na kufanya kazi akitazama televisheni.

Operesheni hii, iitwayo laparoskopia, huacha vidonda vitatu au vinne vyenye ukubwa wa kama kucha. Tumbo hupulizwa hewa ya kaboni ili kupata nafasi, na ndiyo maana mama akiamka anaweza kusikia maumivu begani. Watu hushtuka, wakidhani amepasuliwa vibaya. Ni hewa iliyobaki chini ya mbavu, na hutoka yenyewe kwa siku chache, hasa akitembea.

Vidonda vidogo huleta udanganyifu mmoja. Familia inaona vitone vitatu tu juu ya tumbo na kusema mama amepona. Ndani, muganga anaweza kuwa amekata makovu kwenye utumbo, kibofu na ovari kwa saa nyingi. Ngozi hufunga kwa siku kumi au kumi na nne, lakini tabaka ngumu la ndani linaloshikilia tumbo huchukua muda mrefu zaidi kupata nguvu, na kwa aliyefunguliwa tumbo lote muda huo ni mrefu zaidi. Mzigo mzito kabla ya wakati unaweza kufungua tabaka hilo, na utumbo ukasukuma mpaka chini ya ngozi. Hiyo ndiyo ngiri ya mshono.

KATANGA NA WAGANGA WAKE

Katika Katanga ya ukoloni, kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga hospitali kwa ajili ya wafanyakazi wake, kisha kwa wake zao na watoto, kwa kuwa ilitaka familia zikae kambini na kutoa wafanyakazi wa kesho. Mkongomani aliyesomea tiba aliishia kuwa msaidizi wa daktari. Uhuru ulipofika mwaka 1960, nchi haikuwa na madaktari Wakongomani wenye shahada kamili. Shirika la Afya Duniani lililazimika kuwapeleka wasaidizi wengi Ufaransa wakamalizie masomo.

Mmoja wa wasaidizi hao wa zamani alikuwa Jason Sendwe, kiongozi wa chama cha Balubakat, aliyeuawa mwaka 1964 huko Albertville, Kalemie ya leo. Hospitali kubwa ya Lubumbashi ina jina lake. Wagonjwa wengi wa Kasumbalesa wanaopewa karatasi ya kwenda mbele hupanda gari kuelekea Lubumbashi, kwenye hospitali hiyo, kwenye kliniki za chuo kikuu au za binafsi. Wengine huvuka mpaka kwenda miji ya Zambia. Kokote wanakokwenda, wengi hulipa wenyewe, na siku za kulala hospitalini huhesabiwa kwa pesa. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya kupona hufanyika nyumbani, mbali na muganga.

WALIOSEMA HADHARANI

Ukimya juu ya ugonjwa huu katika Afrika Mashariki ulivunjwa na wanawake wenyewe. Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, alieleza hadharani kwamba ana endometriosisi na kwamba amepasuliwa mara kumi na tatu. Alianzisha taasisi yenye jina lake na kwenda shuleni kuzungumza na wasichana juu ya hedhi. Mwaka 2017 alizaa mtoto wa kiume, baada ya miaka ya kuambiwa kwamba huenda asizae.

Nchini Kenya, mtangazaji wa redio na mpenzi wa rege Njambi Koikai alikuwa na aina ambayo si ya kawaida: nyama ya ugonjwa ilifika kifuani, na mapafu yake yalianguka mara kwa mara. Mwaka 2018 Wakenya walimchangia pesa akaenda kupasuliwa Atlanta, Marekani. Alipata nafuu, akarudi, akaendelea kudai kwamba wasichana wachunguzwe mapema na matibabu yapatikane nchini mwao. Alifariki Nairobi tarehe 3 Juni 2024, akiwa na miaka 38.

Maisha ya hao wawili yanaonyesha kwamba operesheni ya endometriosisi si mwisho wa safari. Kwa baadhi ya wanawake maumivu hupungua na hayarudi. Kwa wengine hurudi baada ya miezi au miaka. Hedhi mbili au tatu za kwanza baada ya kisu zinaweza kuuma sana, na hiyo peke yake haina maana kwamba operesheni imeshindwa. Dawa za homoni mara nyingi hutolewa baada ya operesheni ili kuchelewesha ugonjwa usirudi. Anayeziacha bila kuongea na muganga anajirudisha nyuma.

KUPONA SI KIDONDA PEKE YAKE

Somo kubwa zaidi juu ya kupona lilitoka ndani ya Kongo. Mwezi wa Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, Kivu ya Kusini, ilishambuliwa, na wagonjwa wakauawa vitandani. Daktari wake, Denis Mukwege, aliokoka. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu. Alitaka iwe ya akina mama wanaojifungua, lakini walioanza kuja walikuwa wanawake walioharibiwa na vita. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobeli ya amani pamoja na Nadia Murad.

Panzi iligundua kwamba mama anaweza kushonwa vizuri na bado asipone, kwa sababu anarudi kwa mume aliyemfukuza, kwenye shamba lililochukuliwa, au kwenye hema la wakimbizi. Kwa hiyo hospitali iliunganisha mambo manne: matibabu ya mwili, msaada wa moyo na akili, njia ya kujipatia riziki, na msaada wa sheria. Kuna nyumba, Maison Dorcas, ambako wanawake waliotoka hospitalini hukaa na kujifunza kazi kabla ya kurudi katika maisha.

Endometriosisi haitokani na vita. Lakini mama mwenye ugonjwa huu aliyekimbia kutoka Manono, Mitwaba, Pweto au Kivu, na sasa anakaa kwa ndugu katika chumba kimoja, ana shida ileile baada ya kisu. Hana kitanda chake. Maji yako mbali. Choo ni cha watu wengi. Na kwa kuwa anakaa kwa watu, anaona haya kukaa bila kufanya kazi.

MAJUMA SITA MPAKANI

Mambo ambayo historia hii imeyathibitisha ni machache na yanawezekana hata katika chumba kimoja.

Siku za kwanza mama atembee ndani ya nyumba mara kadhaa kwa siku, akipumzika kati. Anapokohoa au kuinuka, abane tumbo kwa mto au kitenge kilichokunjwa. Anywe maji ya kutosha na ale lenga-lenga, maharagwe, matunda na uji, kwa sababu choo kigumu huumiza mshono. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni kama muganga alivyoagiza, kikaushwe, kisipakwe majani, majivu wala mafuta ya gari.

Kwa tundu dogo, kazi nyepesi inaweza kuanza baada ya juma moja au mawili. Kwa tumbo lililofunguliwa, majuma sita bila mzigo, na tendo la ndoa lisubiri ruhusa ya muganga. Mume anapaswa kuambiwa hivyo hospitalini, na muganga mwenyewe, ili mama asibaki kubishana usiku.

Dalili za kurudi hospitalini bila kungoja kesho ni hizi: homa, kidonda kinachotoa usaha au kinachofunguka, tumbo linalovimba na kuwa gumu, kutapika bila kukoma, kushindwa kukojoa, damu nyingi ukeni, mguu mmoja unaovimba na kuuma, au pumzi kukatika ghafla. Mbili za mwisho ndizo zile zilizowaua wagonjwa waliolazwa majuma matatu katika karne iliyopita.

Kisha kuna bidoni na mfuko wa unga. Hapo dawa ya hospitali inakoma na majirani wanaanza. Majuma sita ni siku 42. Nyumba inayotumia bidoni mbili kwa siku inahitaji mtu mwingine wa kubeba bidoni 84. Watoto wakubwa wanaweza kubeba nusu bidoni. Wanawake wa likelemba wanaweza kukubaliana kwamba zamu ya aliyepasuliwa iletwe mbele, apate pesa ya kula wakati hauzi. Wale wanaovuka mpaka kila siku wanaweza kumbebea mfuko wake mmoja, ili wateja wasimpotee.

Kule Kahura mwaka 1879 kulikuwa na fundi mwenye kisu, na jina lake halikuandikwa. Halikuandikwa pia jina la rafiki aliyemnyonyesha mtoto wakati mama amelala. Mama yule alipona siku ya kumi na moja kwa kazi ya hao wawili.